Wadudu gamba kwenye miti ya bustani: sabuni, mafuta, dawa ya shinani au kuwaachia maadui wao?

Simu za aina hii hunijia zaidi Januari na Februari, jua linapokuwa limekausha kila kitu na vumbi la barabarani limetanda majanini. "Dada, mlimau wangu umeota masizi. Nimepiga dawa ya ukungu mara mbili, hayatoki." Kabla mtu hajarudi tena duka la pembejeo, humwomba afanye jambo moja. Geuza jani. Pitisha kidole kwenye mshipa wa katikati mpaka kwenye kikonyo, kisha shuka na kijiti. Ukikuta vibonge vidogo vya kahawia vimebandika kama vipele, havitembei na miguu yake huioni, basi hao ni wadudu gamba. Masizi unayoyaona ni ukungu unaoota juu ya maji matamu wanayoyatoa. Dawa ya ukungu haiwadhuru hata kidogo.

Nauza miche ya maua na miti ya kivuli huku Pwani, na kazi yangu nyingine ni kutunza bustani za watu. Swali ninaloulizwa ni lilelile: nitumie sabuni, mafuta, dawa kali ya kunyunyizia, ile ya kumwaga shinani, au niwaache tu? Nitaziweka njia hizo sambamba kama ninavyozipima mimi, lakini lazima tuanze na mdudu mwenyewe. Dawa inayomuua mmoja huweza kumwacha mwingine mzima kabisa, na fedha zako zikaenda bure.

Mjue kwanza ni gamba gani

Chukua ncha ya kisu, au ukucha tu, ukwangue gamba moja taratibu. Likibanduka kama kifuniko cha chungu na mdudu akabaki kwenye gome, kijidudu laini cha njano au rangi ya chungwa, huyo ni gamba gumu. Kifuniko chake amekijenga kwa nta na ngozi alizojivua, naye anaishi chini yake. Akibanduka mzimamzima, mwili na gamba vikiwa kitu kimoja, huyo ni gamba laini.

| | Gamba gumu | Gamba laini |
|---|---|---|
| Umbo | Bapa, mm 1 hadi 3, duara au refu kama kome | Limetuna kama nusu ya punje ya dengu, mara nyingi kubwa zaidi |
| Masizi na majani yanayonata | Hakuna | Mengi |
| Chungu wanaopanda na kushuka | Hawana haja naye | Wengi, mchana kutwa |
| Anapofyonza | Ndani ya seli za jani na gome | Kwenye mshipa unaopitisha chakula cha mti |
| Dalili kuu | Madoa ya njano, vijiti kukauka kuanzia nchani | Weusi, unato, mti kudumaa |

Mstari wa nne ndio unaoamua mengi. Gamba laini amechomeka mdomo wake kwenye mshipa wenye sukari, na anaipata kwa wingi kuliko anavyoihitaji, kwa hiyo huimwaga. Maji hayo matamu huwaita chungu, hudondokea majani ya chini na hata kioo cha gari lililoegeshwa kivulini, na masizi huota juu yake. Gamba gumu hagusi mshipa huo. Anakunywa seli moja baada ya nyingine, hamwagi kitu, na ndiyo maana huweza kuujaza mti kimyakimya mpaka siku tawi zima linapokauka. Gamba jeupe la mwembe, lile linaloonekana kama majivu kwenye jani, na gamba la mnazi linaloyafanya makuti yawe ya njano, yote ni ya kundi hili la magumu.

Wapo pia jamaa zao waliojifunika unga au pamba: vidung'ata, na wale wakubwa wenye mfuko mweupe wa mayai wenye mifereji kama umefinyangwa kwa kitana. Hawana ngao, lakini nta yao huyazuia maji yasiwafikie. Ukoo huu ni wa mafundi wa nta na utomvu. Lakiri iliyofungia barua na vifurushi zamani ilitokana na utomvu mgumu wa ndugu yao mmoja anayefugwa India, Kerria lacca.

Mtu akiniambia kwamba kumtambua mdudu ni kazi ya wataalamu wa maabara, humkumbusha kidung'ata wa kahawa wa Kenya. Alilipuka katika mashamba ya kahawa miaka ya 1920, akadhaniwa ni spishi ya Asia, na maadui wake wakatafutwa huko Asia miaka na miaka bila mafanikio. Baadaye ikagundulika kwamba ni spishi tofauti, na kwao ni hapa hapa Afrika Mashariki. Mwaka 1938 wakachukuliwa nyigu wadogo kutoka Uganda, jirani kabisa, nao wakampunguza. Kosa lilikuwa katika jina tu. Bustanini kwako huhitaji jina la Kilatini, ila gumu au laini, hilo lazima ulijue.

Jambo jingine la kupima ni kama wapo hai. Gamba la mdudu aliyekufa hubaki limebandika miezi kadhaa. Bana machache kwa ukucha: aliye hai hutoa maji, mfu ni mkavu kama pumba. Na ukiona gamba lina tundu la duara, safi kama limetobolewa kwa sindano, furahi: nyigu mdogo alilelewa humo ndani, akatoka.

Wakati wa kuwapiga

Jike akishatulia hatembei tena maisha yake yote, na ngao yake humlinda dhidi ya karibu kila kitu unachomnyunyizia. Wanaotembea ni watoto, kwa saa chache au siku chache tu baada ya kuanguliwa. Hawafiki nusu milimita, ni wa njano au wa rangi ya chungwa, na bado hawana ngao. Hapo ndipo wanapokufa kwa urahisi. Ili uwaone, zungushia kijiti utepe wenye gundi pande zote mbili, uuangalie baada ya siku 3 au 4 kwa kioo cha kukuzia, au hata kwa kamera ya simu. Vumbi la njano lililonasa pale ndilo wao.

Katika nchi zenye baridi kali watoto hutoka kwa msimu, na mtunza bustani anaweza kuzipanga siku zake. Sisi wa Pwani hatuna nafasi hiyo. Joto halikatiki, vizazi hupishana, na wakati wowote mti una mayai, watoto na wazee kwa pamoja. Ndiyo maana hapa kunyunyiza mara moja hakumalizi kazi, kwa dawa yoyote ile. Mimi huhesabu mara 3, zikiachana siku 10 hadi 14. Anayekuahidi kumaliza kwa mara moja hajawahi kurudi kuangalia.

Sabuni na mafuta

Hizi mbili ndizo nimezitumia zaidi, na watu huzichanganya kama kitu kimoja. Zinafanana kwa hili: zote huua kwa kugusa tu, hazibaki na sumu zikikauka, na mdudu asiyeloweshwa haguswi. Kwa hiyo jani lazima lilowe chini na juu, na kijiti kizunguke chote. Tofauti yao ipo katika nani anakufa.

Sabuni huvunja ngozi nyembamba ya watoto na ya vidung'ata wadogo. Mzee aliyefunikwa gamba gumu humpitia kama mvua juu ya bati. Mayai pia hubaki. Faida yake ni kwamba ipo kila nyumba, ni rahisi, na husaidia kuyalegeza masizi yaoshwe kwa maji. Nzuri zaidi ni sabuni ya maji iliyotengenezwa kwa ajili ya mimea. Ukikosa, sabuni ya maji isiyo na dawa ya kung'arisha, kijiko kimoja kikubwa kwa lita moja ya maji, ijaribiwe kwanza kwenye tawi moja na usubiri siku 2. Sabuni ya unga ya kufulia usiitumie, imeunguza majani ya wengi. Na kama maji yako ni ya kisima na yana chumvi, yale ambayo sabuni haitoi povu, utakuwa unanyunyiza utando tu. Kinga maji ya mvua, au nunua madumu mawili ya maji yasiyo na chumvi.

Mafuta hufanya kazi nyingine. Huziba matundu ya kupumulia. Yakisambaa vizuri huingia hata chini ya ukingo wa gamba na kulifunika yai, kwa hiyo huua watoto, mayai na sehemu ya wazee, na huua gamba gumu na laini pia. Nazungumzia mafuta meupe ya madini yaliyosafishwa kwa ajili ya mimea. Mafuta ya kupikia yaliyokorogwa na sabuni huua kiasi, lakini huunguza kwa urahisi zaidi na huziba bomba. Kipimo cha kawaida ni ml 10 hadi 20 kwa lita 1, yaani ml 160 hadi 320 kwa bomba la mgongoni la lita 16, ila maelezo ya kwenye chupa ndiyo yenye neno la mwisho. Litikise bomba kila baada ya dakika chache, maana mafuta hupanda juu, na mti wa mwisho ukapata dozi inayoukausha.

Mafuta ndiyo yenye masharti. Mti wenye kiu huungua. Umwagilie jana yake. Jua likishafika nyuzi 32 usinyunyize. Huku kwetu watu hupenda kunyunyiza jioni, lakini jioni ya Pwani ina unyevu mwingi, mafuta hayakauki, jani linashinda na utando usiku kucha. Alfajiri, jua likiwa linachomoza, ndiyo saa yangu. Kama ulipiga salfa, ngoja wiki 4. Na mimea yenye unga wa kibuluu juu ya jani, kama baadhi ya mivinje ya mapambo na mimea ya jangwani, itapoteza rangi hiyo.

Ningeambiwa nibaki na chupa moja tu stoo, ningebaki na mafuta. Sabuni nairudia kwenye mimea ya chunguni, kwenye vidung'ata, na kwa mtu ambaye hana subira ya kusoma masharti.

Mwarobaini nao? Mafuta yake yana sifa za mafuta, pamoja na kemikali inayowavuruga watoto wasijivue ngozi wala kukua. Hufanya kazi polepole na huharibika haraka juani. Ninayaheshimu, hasa kwa mtu aliye na mti huo uani na muda wa kutwanga mbegu, lakini kwa gamba gumu lililokwisha kutanda peke yake hayatoshi.

Dawa kali ya kunyunyizia na dawa ya shinani

Nitasema wazi: dawa kali ya kunyunyizia, ile ya kuua kila kitu, ndiyo chaguo baya kuliko yote kwa wadudu hawa, na ndiyo inayouzwa zaidi. Nilipoanza kazi hii nilipewa ua mrefu wa haibiskasi wenye magamba machache. Nikapiga dawa ya jamii ya pairethroidi kila wiki kwa mwezi mzima. Wiki za kwanza mwenye nyumba alinisifu. Mwezi wa nne ua lilikuwa limefunikwa tangu shina mpaka kikonyo, na utitiri juu yake. Wazee walikuwa salama chini ya ngao zao muda wote. Waliokufa walikuwa nyigu wadogo na mbawakawa waliokuwa wakiwala.

Mambo haya yamewapata walio wakubwa kuliko mimi. Huko South Lake Tahoe, California, miaka ya nyuma walikuwa wakifukiza malathioni kuua mbu, na misonobari ya mji ikajaa gamba la majani kwa sababu maadui wake walikufa kwa moshi uleule. California hiyohiyo ilikuwa imeokolewa machungwa yake mwaka 1888 na 1889 na mbawakawa mwekundu aliyeletwa kutoka Australia, Rodolia cardinalis, aliyemla gamba mwenye mfuko wa pamba. Miaka ya 1940 DDT ilipoanza kutumika mashambani mbawakawa wakafa, na gamba likarudi. Kwa hiyo kama nyumba yako au jirani yako anafukiza mbu kila wiki na miti ya uani inazidi kujaa magamba, usilitafute kosa kwenye mti.

Dawa ya shinani ni habari nyingine. Unaimwaga kwenye udongo kuzunguka shina, mizizi inaipandisha, mdudu anaifyonza. Haitawanyiki hewani, haimgusi mbawakawa anayetembea juu ya jani, na mti mrefu usiofikiwa na bomba unatibika. Inayopatikana zaidi ni imidaklopridi. Hapa ndipo kucha yako inapolipa: imidaklopridi hupita vizuri kwa gamba laini na vidung'ata, lakini wengi wa gamba gumu huwakosa, kwa kuwa hawafyonzi kwenye mishipa. Nimekutana na watu waliomwaga dawa hii mara 3 kwenye miti yenye gamba gumu, wakashangaa. Dinotefurani, ya ukoo huohuo, huyeyuka zaidi majini na huwafikia baadhi yao, lakini si kila duka linayo.

Gharama yake nyingine hailipiwi dukani. Dawa hiyo huingia kwenye chavua na nekta. Nyuki wanaolisha hapo wanadhurika, na Umoja wa Ulaya mwaka 2018 uliipiga marufuku imidaklopridi pamoja na wenzake wawili wasitumike nje ya vitalu vya kudumu vilivyofungwa. Haibiskasi inayotembelewa na ndege chozi na nyuki asubuhi hadi jioni, siimwagii. Mlimau, mwembe na mkomamanga wa kula siimwagii, isipokuwa kibandiko kimeutaja mti huo kwa jina na kutoa idadi ya siku za kusubiri. Na huku kwenye mchanga wa Pwani, ambako kisima cha uani kina kina kifupi, dawa inayoyeyuka majini inaweza kushuka mpaka kwenye ndoo yako. Kama kisima kipo karibu na mti, mimi jibu langu ni hapana, hata mteja akisisitiza.

Inapobaki halali kwangu ni hapa: mti mkubwa wa mapambo, wenye gamba laini lililohakikishwa, hauko kwenye maua, hauliwi, na hakuna kisima jirani. Hata hapo utangoja wiki kadhaa dawa ipande kwenye mti mkubwa. Nunua iliyosajiliwa, na mamlaka ya TPHPA kwa Tanzania au bodi ya PCPB kwa Kenya, ikiwa kwenye chupa yake yenyewe. Dawa iliyopimwa kwenye chupa ya maji usiipokee.

Maadui wao, na chungu wanaowazuia

Hapa nataka kukaa kidogo, kwa sababu ndiyo njia isiyo na muuzaji, na hakuna atakayekusimulia dukani.

Mijakaranda ya Nairobi ilipata kunyonywa vibaya na mdudu wa jamii hii kutoka Amerika ya Kitropiki, Orthezia, anayebeba mkia mweupe wa nta kama kanzu. Mwaka 1948 Kenya ikaletewa mbawakawa mdogo, Hyperaspis pantherina, anayetaga mayai juu ya mdudu huyo huyo, na watoto wake wakitoka wanamla. Baadaye Orthezia akaingia kisiwa cha St Helena, katikati ya Atlantiki, akaanza kuiua miti ya Commidendrum robustum isiyoota popote pengine duniani. Mwaka 1993 mbawakawa hao wakachukuliwa kutoka Kenya na kupelekwa huko. Walikuwa wachache sana, na waliuokoa msitu. Nikipita chini ya mjakaranda huwa nawaza kwamba tiba ya mti ulioko upande wa pili wa bara ilitoka kwenye matawi kama haya.

Wewe huna haja ya kuagiza mdudu. Wapo tayari: mbawakawa wa duara wenye madoa, watoto wao wanaofanana na vidung'ata wenyewe kwa manyoya ya nta (watu wengi huwaua kwa kuwadhani ni adui), mabuu ya nzi, na nyigu wasiozidi milimita mbili tatu. Kinachowazuia mara nyingi ni vitu vitatu: dawa kali, vumbi, na chungu.

Chungu huwalinda gamba laini na vidung'ata kama mfugaji alindavyo mbuzi, kwa ajili ya yale maji matamu. Unguja miaka ya 1950 mahusiano haya yalichunguzwa kwa makini kwenye mikarafuu, kati ya maji moto (chungu wanaoshona viota vya majani) na gamba ambalo jina lake lenyewe ni Saissetia zanzibarensis: chungu walipokuwepo gamba lilistawi. Lakini maji moto haohao kwenye mnazi ni askari, wanamfukuza mdudu anayezitoboa nazi changa zikapukutika. Ndiyo maana siwatoi kwenye mnazi, na kwenye mlimau nawatoa.

Namna ya kuwatoa ni ulimbo. Zungusha utepe wa karatasi ngumu au nailoni shinani, upana wa sm 10 hivi, uubane usiache upenyo, kisha paka ulimbo au grisi juu ya utepe, kamwe si juu ya gome lenyewe kwa sababu gome litaoza. Halafu kata kila tawi linalogusa ukuta, waya au mti jirani, la sivyo watapita juu. Vumbi likijaa, paka upya. Baada ya wiki chache bila chungu, gamba laini huanza kuonyesha matundu ya nyigu bila wewe kununua kitu. Kwa gamba gumu ulimbo hausaidii sana, maana chungu hawana kazi naye.

Vumbi lioshe kwa mpira wa maji, kwa nguvu, asubuhi, hasa miti ya kando ya barabara ya udongo. Mbolea ya naitrojeni ipunguze. Mti uliojazwa yurea hutoa majani laini na utomvu mtamu, na magamba huzaana kwa kasi. Joto nalo ni jambo kubwa kuliko tunavyodhani. Utafiti uliochapishwa 2013 kutoka mji wa Raleigh, Marekani, ulikuta gamba la mwaloni likiwa mara 13 zaidi kwenye sehemu za mji zenye joto kali kuliko kwenye zile zenye nafuu. Mti uliozungukwa na pavingi mpaka shinani uko jikoni. Bandua matofali ya mita moja kuuzunguka, weka majani makavu, mwagilia kwa kina. Hiyo nayo ni dawa.

Msumeno na mswaki

Kwa mmea wa kibarazani mswaki laini na maji ya sabuni hushinda bomba lolote. Nusu saa, jani kwa jani. Kwenye kichaka, tawi lililojaa kabisa likate uliteketeze au ulifunge kwenye mfuko. Ukiliacha chini ya mti, watoto watapanda tena. Na mmea ambao kila mwaka unarudi palepale, mimi huung'oa. Oleanda iliyobanwa ukutani kwenye jua la saa nane haitapona kwa dawa, imepandwa pasipoifaa.

Mimi ningechagua hivi

Mlimau wa uani wenye masizi na chungu: ulimbo siku ya kwanza, kata matawi yanayogusa ukuta, osha kwa maji, halafu mafuta mara 3 alfajiri. Shinani usimwage kitu.

Ua wa haibiskasi wenye vidung'ata: pogoa kwanza theluthi moja ili upate kufika ndani, sabuni kwenye machipukizi mapya, na acha mbawakawa wafanye yaliyobaki. Kwa mzee mmoja ninayemtunzia bustani nilimwambia, "Shikamoo mzee, naomba mwezi mmoja bila kufukiza mbu upande huu," akakubali, na ndiyo hatua iliyosaidia kuliko zote.

Mwembe mkubwa wenye gamba jeupe: baada ya mavuno fungua katikati ya mti upate mwanga na hewa, kisha mafuta kwenye matawi unayoyafikia. Yale ya juu kabisa yaache. Mwembe mzima huvumilia magamba kiasi, na weupe kidogo kwenye majani ya kale si sababu ya kuita fundi wa dawa.

Mnazi: ukiwa mrefu, usiguse. Kwa mnazi mchanga kata kuti lililojaa, na nyunyiza mafuta chini ya makuti yaliyobaki.

Mti wa kivuli wa mapambo, mrefu, wenye gamba laini linalodondosha maji matamu kwenye magari: hapa tu ndipo nitazungumza nawe habari ya dawa ya shinani, kwa masharti niliyoyataja.

Usihukumu kwa rangi ya mti baada ya wiki moja. Masizi huchukua miezi kupukutika, na magamba yaliyokufa hubaki yamening'inia. Wiki 3 baada ya mzunguko wa mwisho bana magamba 20 kutoka matawi tofauti. Wengi wakiwa wakavu, simama, hata kama mti bado ni mchafu. Wengi wakiwa na maji, rudia mafuta.

Na kwa kuwa wadudu hawa wengi huingia uani wakiwa wamebandika kwenye mche ulionunuliwa, geuza majani pale pale kitaluni kabla ya kulipa, hata kama kitalu ni changu. Ukishaufikisha nyumbani, uweke pekee wiki 3 mbali na miti mingine, ukiwa na utepe wa gundi kwenye kijiti.